Wageni wa Meli na Mvua ya Masika

Msikilizaji, ukisimama Forodhani asubuhi moja ya Aprili, kuna siku utaiona meli kubwa nyeupe imetia nanga mbele ya mji, nusu yake imepotelea katika mvua. Abiria wake wamelipa nauli miezi mingi nyuma, wakiwa kwao kwenye baridi, na Zanzibar waliyooneshwa kwenye picha ilikuwa na rangi mbili tu, buluu ya bahari na weupe wa mchanga. Leo bahari ina rangi ya majivu. Boti za kuwateremsha zinapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na mabaharia waliovaa makoti ya mvua wanawapokea wazee mkono kwa mkono ili wasiteleze. Nchi kavu wana saa saba au nane. Jioni nanga inang'olewa, mvua inyeshe isinyeshe.

Wapo wanaozihesabu saa hizo kuwa ni hasara tupu. Wengine hawateremki kabisa. Hubaki melini wakicheza karata na kuutazama mji dirishani. Mazungumzo haya yanashika upande mwingine. Mara nyingi mvua huharibu ratiba tu, kwa kuwa ratiba imetungwa kwa ajili ya jua, ilhali Mji Mkongwe ulijengwa na watu waliokuwa wakiijua mvua vizuri. Atakayeutembea mji huo siku ya masika ataona mambo ambayo mgeni wa Januari hupita mbele yake bila kuyatambua.

Lakini kwanza, meli hiyo inatafuta nini Unguja katikati ya masika?

Pwani yetu imepangiwa mwaka wake na pepo. Kaskazi huanza kuvuma Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi. Kusi huingia Aprili, hushika nguvu katikati ya mwaka na kulegea karibu na Septemba. Baina ya kaskazi kuondoka na kusi kukomaa ndipo masika yanapomwagika, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Unguja, kwa wastani zaidi ya milimita 300. Kwa karne nyingi majahazi ya Omani, Ghuba, Kachi na Somalia yaliteremka huku na kaskazi, yamepakia tende, chumvi, ng'onda na mazulia. Yalirudi na kusi, yamebeba boriti za mikoko, pembe za ndovu na, kuanzia karne ya 19, karafuu. Nahodha alikuwa na hesabu ndogo ya kupiga. Akiondoka mapema, hana upepo. Akichelewa hadi Juni, kusi imekuwa kali na pwani ya Arabuni haikaribiki, basi itambidi angoje miezi mingine.

Meli ya kitalii ina injini na haingoji upepo wa mtu. Ajabu ni kwamba kalenda yake inakaribiana mno na ile ya majahazi. Meli nyingi za Ulaya zinazokuja kutembea Bahari ya Hindi huja kuikimbia baridi ya huko. Huonekana Afrika Kusini, Morisi, Shelisheli, Madagaska na pwani yetu kuanzia Novemba, na Aprili hugeuza kurudi Mediterania, ambako kiangazi kinakaribia na wateja wanangoja. Hata maharamia wa Kisomali walilijua hilo. Meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa tarehe 5 Novemba 2005 karibu na Somalia, ikitokea Misri kuja Mombasa. MSC Melody ilishambuliwa tarehe 25 Aprili 2009 kaskazini ya Shelisheli, ikitoka Durban kwenda Genoa, na baadhi ya abiria waliwarushia maharamia viti na meza kabla ya walinzi kufyatua risasi. Zote mbili ziliponyoka. Zitazame tarehe hizo, msikilizaji: moja ilikuwa inakuja mwanzo wa msimu, nyingine ilikuwa inarudi mwisho wake. Na vijiboti vidogo vya maharamia navyo vilitoka wakati huohuo bahari inapotulia baina ya pepo mbili, kwa sababu kusi ikishakomaa haviwezi kustahimili mawimbi ya bahari kuu.

Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalizivuruga upya ratiba hizi. Makampuni mengi yaliacha kuwapitisha abiria Suez na kuzizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Hata hivyo mantiki ya msimu ni ileile. Meli inayotia nanga Unguja Aprili ni ya mwishomwisho, imepita huku ikiwa njiani kuondoka, na imeyakuta masika.

Bandari hii ina kumbukumbu mbaya na mwezi huo. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati Sayyid Barghash hajatimiza miaka miwili madarakani, kimbunga kiliipiga Unguja kwa nguvu ambayo wenyeji hawakuwa wameizoea. Vyombo vilivyokuwa vimetia nanga viliharibiwa, zikiwemo meli za Sultani mwenyewe, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ikalala chini. Pemba haikuguswa sana. Tangu hapo kitovu cha karafuu kikahamia huko, na hakijarudi mpaka leo. Mgeni anayeambiwa na muongoza watalii kwamba Unguja ni kisiwa cha karafuu angepaswa kuelezwa pia kwamba dhoruba moja ya Aprili ndiyo iliyoubeba uchumi wa zao hilo kutoka kisiwa kimoja na kuupeleka kingine. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini havijakoma. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania, na boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa safari.

Turudi kwa abiria wetu, ambao sasa wamefika gatini wakiwa wamelowa magoti.

Siku ya mvua huanza kwa kufuta. La kwanza kufutwa ni Nakupenda, lile fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Nani atakwenda kukaa juu ya mchanga baharini pasipo hata mti wa kujikinga? Kinafuata kisiwa cha Changuu. Kobe wa Changuu, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hawana neno na mvua, na pengine wanaifurahia. Tabu ni kuvuka kwa boti ndogo. Safari ya mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi, inawezekana kwa mwenye viatu vinavyoshika ardhi. Jozani ni bahati nasibu, kwa sababu msitu ule umeota mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, na katika masika hupanda hadi kufunika sehemu za njia. Kima punju, ambao asili yao ni Unguja pekee, hujikunyata juu ya matawi na kuwaacha wageni wapige picha za migongo iliyolowa.

Mwisho wa kufuta, kinachobaki ni kutembea kwa miguu Mji Mkongwe. Muongoza watalii anawakusanya chini ya paa la bati, anawaambia "poleni na mvua", na kuwatahadharisha kwamba mawe yanateleza. Papasi, wale wachuuzi wanaowaandama wageni, nao hawajalala. Aliyekuwa akiuza picha za tingatinga jana, leo ameshika miavuli sita mkononi, na bei imepanda pamoja na maji. Mwenye kamera hutafuta mfuko wa plastiki wa kuifunikia na asiupate. Zanzibar ilianza kuipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya Tanzania Bara.

Hatua chache ndani ya vichochoro, mgeni na mwenyeji hutofautiana kwa jinsi wanavyotembea. Mgeni hupita katikati ya njia, kwa kudhani kuwa mbali na kuta ndiko kuwa salama. Lakini katikati ndipo milizamu ya mapaa mawili yanayotazamana inapomwaga maji yake. Mwenyeji huambaa na ukuta, na mvua ikishakuwa nyingi hupanda barazani. Yale mabaraza ya mawe yaliyojengwa mbele ya nyumba, ambayo siku za jua ni mahali pa kahawa, bao, dhumna na siasa, siku ya masika ni njia ya kupitia. Mtu hutoka baraza hadi baraza, maji yakipita chini yake kwa kasi, na huweza kufika mbali bila kulowesha kanzu juu ya kifundo cha mguu. Vitabu vingi vya safari huyasifu mabaraza kwa mazungumzo yanayofanyika hapo. Kazi yake hii ya pili huonekana siku za mvua tu.

Wembamba wa vichochoro nao una maana yake. Kuta ndefu zilizokaribiana hutia kivuli barabarani karibu siku nzima, na wakati wa mvua ya upepo huzuia ile inayokuja kwa mshazari. Ukitazama juu utayaona mabati yaliyoshika kutu, na nayo yana historia. Nyumba nyingi za Waarabu zilijengwa na mapaa bapa ya chokaa na mawe, yaliyofaa kupunga upepo usiku lakini yakavuja kila masika. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, wenye nyumba waliyafunika kwa mapaa ya mabati yaliyoinama. Ndiyo maana mji unaoitwa wa mawe, mvua ikipiga, unalia kwa sauti ya bati.

Na maji yote hayo huenda wapi? Swali hilo halimo katika ratiba ya matembezi, nalo ndilo linalofungua ramani ya zamani. Mji Mkongwe ulikuwa rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Upande wake wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari uliojaa maji yakijaa na kubaki tope yakipwa, ukautenga mji na Ng'ambo. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo hadi ukawa viwanja vya Mnazi Mmoja na ile barabara pana iitwayo leo Benjamin Mkapa. Ardhi ilifukiwa, lakini haikuinuliwa sana. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufikia kama mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na mvua kubwa ikiangukia saa ambayo bahari iko juu, mifereji hukosa pa kumwagia. Mgeni aliyesimama Darajani akiyatazama magari yakipasua dimbwi anatazama mahali palipokuwa bahari.

Darajani penyewe panafaa kuingiwa. Soko kuu lilifunguliwa mwaka 1904, na paa lake limekuwa hifadhi ya watu wengi wasiokuwa na haja ya kununua chochote. Upande wa samaki mnada huwa mfupi siku kama hii, kwa sababu ngalawa nyingi hazikutoka, na bei huonesha hivyo. Mama aliyekuja kutafuta changu anaondoka na dagaa. Mgeni anayesimama hapo kwa dakika kumi ataelewa uhusiano wa upepo na chungu cha jikoni kuliko atakavyouelewa kwa kusomewa.

Kutoka sokoni hadi Mkunazini ni mwendo mfupi, na hapo ndipo siku ya mvua inapopata uzito wake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, Sayyid Barghash akiwa ameshinikizwa na Waingereza, na mwaka huohuo Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa mahali pale. Msimamizi wa ujenzi, Askofu Edward Steere, ni yuleyule aliyetunga kitabu cha kufundishia Kiswahili na kukusanya hadithi za Waswahili, vyote vikachapishwa mwaka 1870. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, jengo halijakamilika. Paa lake ni kuba refu la saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, bila boriti, na walikuwepo waliobashiri kwamba litaanguka. Limepita masika ya karne na zaidi.

Katika msimu wa wageni, makundi huingia Mkunazini kwa zamu. Huoneshwa nguzo ambazo inasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati askofu hayupo, huoneshwa msalaba wa mti wa Chitambo, kijiji ulikozikwa moyo wa Livingstone, huteremshwa katika vyumba vya chini ya ardhi, kisha hutolewa nje kundi jingine liingie. Siku ya mvua hakuna anayeharakisha kutoka, na muda huo wa ziada hufaa kwa maonesho ya historia ya biashara ya watumwa yaliyo ndani ya jengo la jirani, yenye maelezo marefu yanayohitaji kusomwa polepole. Hufaa pia kwa kuuliza maswali. Kuhusu vile vyumba, kwa mfano, waongoza watalii husema watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa, ilhali wapo wanahistoria wanaosema ni ghala la hospitali ya misheni iliyojengwa baada ya soko kufungwa. Ubishi huo haupunguzi hata chembe ya uovu uliotendeka mahali pale. Unamsaidia mgeni kutofautisha kinachojulikana na kinachosimuliwa, jambo ambalo ziara ya dakika ishirini haina nafasi nalo.

Nje, kwenye uwanja wa kanisa, kuna sanamu za msanii Clara Sörnäs zilizowekwa mwaka 1998, watu wa saruji waliosimama shimoni na minyororo shingoni. Hazina paa. Wageni huzitazama wakiwa chini ya miavuli, na hapo hata wenye kelele hupunguza sauti.

Kwingine kwa kujihifadhi hakukosekani. Hamamni iko hamamu ya umma aliyoijenga Barghash, yenye vyumba vya maji moto na maji baridi. Haitumiki tena kwa kuoga, lakini njia zake za maji bado zinaonekana. Sultani huyuhuyu ndiye aliyeleta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji, ili watu wasitegemee visima tu. Shangani, jumba la makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, limefunguliwa tangu 2019 na halikosi Waingereza. Na katika Barabara ya Mizingani kuna ile zahanati ya zamani iliyogharimiwa na mfanyabiashara Tharia Topan, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa ni mahali pazuri pa kutazamia bandari bila kulowa.

Karibu na hapo pana jengo lililoporomoka sehemu yake. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kuwa jumba la sherehe, ikanusurika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ikawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu ya mbele na mnara wake viliporomoka na watu wawili wakafa. Hiyo haikuwa siku ya masika. Lakini anayetaka kufahamu jinsi nyumba za mji huu zinavyofikia kuanguka, aitazame mvua inavyofanya kazi.

Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Lipu ikiwa nzima, maji huteleza. Ikipata ufa, maji huingia ndani na kuanza kuuosha udongo unaoshikilia mawe. Sakafu za ghorofani zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, kiasi cha mita tatu hivi. Ncha ya boriti iliyoingia ukutani ikipata unyevu wa miaka, huoza pale pasipoonekana. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa serikali, zikakaliwa na familia kadhaa kwa kodi ndogo, na ukawa hakuna aliyejiona anawajibika kupanda juu kuziba bati. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Masika hayakusoma tangazo hilo. Mgeni wa Januari hupiga picha ukuta uliobabuka na kuuona una haiba. Mgeni wa Aprili huona maji yakiingia ndani yake.

Chakula nacho kina habari zake. Meza za Forodhani, katika bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Wakfu wa Aga Khan, hupangwa magharibi, na wakati huo abiria wa meli huwa wamekwishaitwa kurudi. Mchana wa mvua kinachofaa ni bakuli la urojo wa moto, wenye bajia, kachori, viazi na ukwaju, au supu ya pweza kwa mwenye moyo. Kuna miaka ambayo hata hicho ni cha kutafuta. Mwaka 2022 karibu Aprili yote ilikuwa Ramadhani. Mabaraza yalikuwa hayana kahawa mchana, mikahawa mingi ya wenyeji ilifungwa, na mgeni aliyelowa na njaa alihitaji kuelekezwa kwenye hoteli. Kwa upande mwingine, aliyepita vichochoroni alasiri alikutana na harufu ya futari iliyokuwa ikipikwa kila nyumba, mvua ikiirudisha chini isipande.

Tuje kwenye fedha. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakapita 700,000. Aprili na Mei ndiyo miezi yenye wageni wachache kabisa. Hoteli kadhaa za ufukweni hufunga kwa matengenezo na kuwapa wafanyakazi likizo. Kwa hiyo meli moja yenye abiria elfu, ikija wakati huo, ni jambo kubwa kwa dereva wa teksi na kwa muuza kanga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila mgeni wa meli analala melini, anakula melini, na safari zake nyingi amezinunua humohumo kabla ya kuteremka. Kinachobaki mjini ni kile anachotumia kwa hiari yake, saa anazopotea njia, anazoketi, anazotafuta mwavuli. Mvua huzigawa fedha hizo upya. Wenye boti za Changuu hupoteza siku. Wenye maduka ya ndani, makumbusho na mikahawa yenye paa hupata. Na bahari ikichafuka kiasi cha boti kushindwa kuteremsha watu, nahodha huipita Unguja na kwenda zake, na hapo hakuna anayepata kitu.

Mengi ya haya yanaweza kupangwa mapema, kwa sababu hakuna la kushtukiza ndani yake. Tarehe za meli hutangazwa mwaka mmoja au zaidi kabla. Jedwali la maji kujaa na kupwa nalo huchapishwa mapema, na wavuvi hawalihitaji hata hilo. Unguja, siku za bamvua maji huwa yamepwa asubuhi na hujaa alasiri, yapata saa kumi, karibu na wakati ambao abiria wanarudi gatini. Muongoza watalii mwenye ratiba ya masika mkononi angeanzia Darajani na kando ya barabara ya Mkapa asubuhi, mifereji ikiwa bado inatoa maji, awaingize watu Mkunazini mvua inapozidi, awapitishe Hamamni, na awafikishe Mizingani mapema kabla bahari haijapanda. Wakala wa meli angeweka miavuli gatini kwa bei inayojulikana. Makumbusho yangehakikishwa kuwa wazi siku hiyo, na si kufungwa kwa kudhaniwa kwamba hakuna wageni.

Ratiba hiyo isingetumika Aprili peke yake. Meli za kwanza za msimu hufika Novemba, na Novemba ni mwezi wa vuli, ambazo ni mvua fupi lakini ni mvua vilevile. Msimu wa meli wa pwani hii unaanza na vuli na unaisha na masika. Miezi mikavu ya katikati, Januari na Februari, ndiyo iliyomo katika picha za matangazo. Mabaharia wanaokuja huku kila mwaka wamekwishalijua hilo, na makoti ya mvua huyatoa makabatini pwani ya Afrika Mashariki inapoonekana.